Kubomoa ukuta na kuongeza vyumba: je, nyumba iliyokwisha kujengwa inahitaji kibali?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, ya vyumba vitatu. Nataka niondoe ukuta kati ya sebule na jiko, niongeze vyumba viwili kwa nyuma, kimoja kiwe na choo chake, na baadaye nikijaliwa nipandishe ghorofa. Fundi wangu anasema nyumba ikishakuwepo kibali hakihitajiki, tuanze tu, mambo ya ofisini tutayaweka sawa mbele ya safari. Shemeji yangu naye alijenga nyumba inayofanana na yangu, ana michoro iliyokwisha kupitishwa, anasema nibadilishe jina nipeleke hiyo hiyo. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Usianze.

Fundi wako anaweza kuwa hodari kweli, ila amekupa jibu la mtu ambaye hatakuwepo siku amri ya kusimamisha ujenzi inabandikwa ukutani. Kibali kinafuata kiwanja na mwenye kiwanja. Mafundi huja na kuondoka. Faini, kesi ya jirani na ufa wa ukuta vinabaki na wewe.

Kwamba nyumba tayari ipo si hoja. Kinachoangaliwa ni kazi inagusa nini. Kupaka rangi, kubadilisha vigae vya sakafu, kuweka makabati mapya ya jiko, kubadilisha bomba la sinki pale pale lilipo, kurudishia kioo kilichovunjika: karibu kila mahali hakuna atakayekuuliza. Lakini ukigusa kitu kinachobeba uzito, njia ya kutokea moto ukiwaka, mfumo wa umeme au majitaka, umbali wa kutoka mpakani, au ukibadilisha matumizi, mathalani banda la gari likawa chumba cha kupangisha, hapo umeingia kwenye kibali. Ukubwa wa kazi hudanganya sana. Unaweza kupaka nyumba nzima rangi bila kumuuliza mtu, halafu ukatoboa mlango mmoja tu na ukawa umevunja sheria.

Mstari wenyewe haupiti sehemu moja duniani kote. Katika kanuni za mfano za nyumba za makazi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani, ghala dogo la pembeni lisilo na ghorofa na lisilozidi futi za mraba 200, yaani kama mita za mraba 18.6, halihitaji kibali cha ujenzi, wala uzio usiozidi futi 7. Halafu kila mji hupunguza au kuongeza inapotaka. Kule England nyumba iliyosimama peke yake inaweza kuongezwa kwa nyuma hadi mita 4, na ile iliyoungana na nyingine mita 3, bila kuomba ruhusa ya mipango miji, mradi masharti mengine yametimia. Lakini ukitumia nafasi hiyo, kanuni za ujenzi salama bado zinakubana na mkaguzi bado anakuja. Nakutajia hayo kwa sababu moja: ruhusa ya kutumia ardhi na ruhusa ya namna ya kujenga ni vitu viwili. Pengine hutolewa na ofisi moja kwa fomu moja, pengine na ofisi mbili zisizosalimiana. Ukifika kaunta, iwe ni halmashauri, manispaa au kaunti, uliza zote mbili. Ukijibiwa "huku hakuna shida", uliza huku ni wapi.

Sasa tuje kwenye kazi zako, tuanze na ukuta, maana ndio unaoonekana mdogo.

Watu hugonga ukuta kwa kiganja, wakisikia mlio mtupu wanasema huu haubebi kitu. Mlio hauna habari hiyo. Panda darini na tochi, mchana, ukiwa na mtu wa kukushikia ngazi. Fuata mbao za kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kutoka ukuta wa nje wa upande mmoja hadi wa upande wa pili. Kama kenchi zilitengenezwa kwa hesabu ya mhandisi, mara nyingi huegemea kuta za nje peke yake na kupita juu ya kuta za ndani bila kuzigusa. Utaona hata upenyo kidogo kati ya mbao na tofali. Kama paa lilijengwa kipande kwa kipande pale pale juu, tazama vijiti vya kusimama: vingi vitakuwa vimeteremshwa juu ya ukuta wa ndani ulio karibu, kwa sababu fundi wa wakati huo alihitaji mahali pa kuegemeza. Ukikuta kijiti kimesimama juu ya ukuta unaotaka kuubomoa, ukuta huo umebeba paa, hata kama ni wa tofali jembamba na hata kama mlio wake ni wa debe.

Na hata usipoona kijiti, usishangilie bado. Ukuta wa ndani unaokutana na ukuta mrefu wa nje huushikilia huo wa nje usiyumbe. Ukiuondoa, ukuta wa mita nane uliokuwa na mshikio katikati unabaki peke yake mbele ya upepo. Hautaanguka siku hiyo. Utaona ufa mwembamba kwenye kona ya dirisha baada ya misimu miwili, uuzibe kwa lipu, urudi tena.

Ndiyo maana ofisi itataka mhandisi wa miundo aandike boriti gani inakaa pale ukuta ulipokuwa, inaegemea nini kila upande, na paa linashikiliwaje wakati wa kubomoa. Hili la mwisho husahaulika sana. Boriti nzuri ya chuma haimsaidii mtu ikiwa mirunda ya kushikilia paa iliwekwa juu ya vigae badala ya ubao mpana unaosambaza uzito, au iliondolewa jioni ile ile zege likiwa bado bichi. Ukuta ndio kazi yako fupi kuliko zote, na ndio unaoweza kuua mtu. Ukitaka kupunguza gharama, punguza kwenye makabati.

Nyumba ikiwa ya zamani, kuna jambo moja kabla nyundo haijainuliwa: dari na mabati ya simenti ya zamani yanaweza kuwa na asbesto, na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za majumbani mwaka 1978. Vumbi lake ni baya kwa mapafu na kwa watoto. Sehemu nyingi kibali cha kubomoa hakitoki bila uchunguzi huo.

Vyumba vya nyuma vina mambo mengi zaidi, na mengi yake hayamo kwenye vyumba vipya vyenyewe.

Simama nyuma ya nyumba uitazame. Ukuta utakaoegemeza vyumba vipya una madirisha? Ya vyumba gani? Hili hurudisha michoro mingi: mtu anachora chumba kizuri kipya, kumbe kimeziba dirisha pekee la chumba cha zamani, ambacho sasa hakina mwanga, hakina hewa, na moto ukishika kwenye korido mtu aliye ndani hana pa kutokea. Zile kanuni za mfano za Marekani nilizozitaja zinataka kioo cha dirisha kisipungue asilimia 8 ya eneo la sakafu ya chumba, na sehemu inayofunguka isipungue asilimia 4. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12. Kwa hesabu hiyo kinahitaji karibu mita ya mraba moja ya kioo, na nusu yake ifunguke. Chumba cha kulala kinatakiwa pia kiwe na dirisha au mlango ambao mtu mzima anapita kutokea nje moja kwa moja. Nondo za dirisha zisizofunguka kwa ndani zinaua sharti hilo papo hapo. Takwimu za kwako zinaweza kutofautiana kidogo, lakini swali utakaloulizwa ni lile lile. Mwambie msanifu akuchoree chumba cha zamani nacho, akuonyeshe hewa yake itatoka wapi sasa.

Halafu mpaka. Uzio si mpaka. Umbali hupimwa kutoka kwenye mawe ya mpaka, yaani bikoni, na uzio mwingi ulijengwa pale mzee wa zamani alipoona panafaa. Zitafute bikoni kwenye majani kabla hujachora chochote. Zisipoonekana, mlipe mpima ardhi azirudishe. Ukishazipata, uliza umbali unaotakiwa kuachwa nyuma na pembeni, na uliza kama unahesabiwa kutoka ukutani au kutoka ncha ya paa, maana paa linalochomoza nusu mita linaweza kula nafasi yote uliyodhani unayo. Uliza pia ni sehemu gani ya kiwanja inaruhusiwa kufunikwa na majengo kwa jumla. Hapa banda la kuku la kudumu na kibaraza chenye paa navyo huweza kuhesabiwa. Na uliza kama kuna mkuza, yaani ukanda wa ardhi ulioachwa wazi kwa ajili ya umeme, bomba au mfereji, unaopita nyuma. Juu ya mkuza hujengi, hata jirani zako wote wakiwa wamejenga.

Umbali huu wengi huuona ni usumbufu wa watu wa ofisini, ila chanzo chake kikubwa ni moto. Baada ya London kuteketea mwaka 1666, sheria ya mwaka uliofuata ililazimisha nyumba zijengwe kwa matofali au mawe, ikapanga hata unene wa kuta zinazotenganisha majirani. Hadi leo, ukuta ulio karibu sana na mpaka hutakiwa uhimili moto kwa muda maalumu, na ukiukaribia mpaka zaidi unakatazwa kuweka dirisha kabisa.

Na kile choo kipya. Majitaka yako yanaenda wapi? Kama ni bomba la umma, kazi ni kuunganisha kwa mteremko sahihi na kuweka chemba pale bomba linapopinda. Kama ni karo, yaani tangi la majitaka la chini ya ardhi, na shimo la kunyonya, mambo ni mazito zaidi. Kwanza, karo kwa kawaida huwa liko nyuma ya nyumba, pale pale unapotaka kujenga, na hujengi juu yake. Pili, katika miji mingi ukubwa wa karo hukadiriwa kwa idadi ya vyumba vya kulala, si kwa idadi ya vyoo. Ukitoka vyumba vitatu kwenda vitano, afisa afya ana haki ya kusema karo lako halitoshi, hata kama nyinyi mko wanne tu ndani. Anakadiria nyumba itakayokuwepo hata ukiiuza.

Kuhusu ghorofa: lisubirishe, lakini lisemee sasa. Zege lenye nondo lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya unene wa sentimita 15 ni kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kabla ya vigae, kuta, vitanda na watu. Chumba cha mita 4 kwa 5 peke yake ni zaidi ya tani 7. Msingi wa nyumba iliyobeba mabati tangu ijengwe haukuandaliwa kwa hilo. Mhandisi atachimba mashimo mawili matatu pembeni ya ukuta aone msingi umeshuka kiasi gani, una upana gani na umekaa juu ya udongo gani. Hiyo nyumba ya zamani pengine haitafaa, lakini vile vyumba viwili vya nyuma vinaweza kujengwa kwa msingi na nguzo za ghorofa tangu mwanzo, kwa nyongeza ya gharama ambayo ni ndogo kuliko kuja kuimarisha baadaye. Hilo linawezekana tu ikiwa liko kwenye michoro ya leo. Nguzo zilizoachwa na nondo zikichungulia juu ya paa, bila mchoro unaosema zilihesabiwa kwa mzigo gani, haziruhusiwi kubeba kitu.

Sasa njia yenyewe. Watu wengi humlipa mchoraji kwanza, ndipo wanapeleka michoro ofisini kuambiwa hapa hapajengeki. Pindua mpangilio huo. Chukua karatasi, chora kiwanja chako kwa mkono, weka vipimo halisi, weka nyumba, karo, bikoni na vyumba vipya. Piga picha za nyuma na za ndani ya dari. Beba nakala ya hati ya umiliki na michoro ya mwanzo kama ipo. Nenda kaonane na afisa mipango miji na mhandisi wa majengo kabla hujalipa mtu yeyote. Waulize mambo manne: kazi hii inahitaji vibali gani, nani anatakiwa kusaini michoro, ada inakokotolewaje, na ni ofisi gani nyingine zitaipitia, kama zimamoto, afya, maji na umeme. Omba orodha ya viambatisho iliyochapwa. Andika jina la ofisi na tarehe. Asubuhi moja kama hiyo itakuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la simenti.

Ndipo michoro. Kwa kazi kama yako zinatakiwa ramani mbili, nyumba ilivyo na nyumba itakavyokuwa, kile kitakachobomolewa kikionyeshwa kwa mistari ya nukta. Mchoro wa kiwanja wenye umbali wa mipaka. Mkato unaoonyesha msingi hadi paa. Sura za nje. Na michoro ya mhandisi. Kosa linalochelewesha kuliko yote ni la kitoto: vipimo vya mchoro mmoja kutofautiana na vya mwingine. Dirisha lina sentimita 120 kwenye ramani na 150 kwenye sura ya nje. Anayepitia hawezi kukuchagulia, anarudisha faili lote. Kaa na msanifu wako jioni moja mlinganishe karatasi kwa karatasi.

Faili likirudi na maoni, usikasirike wala usitafute mtu wa kukusogezea. Jibu hoja moja moja kwa maandishi, zungushia kwa kalamu kila kilichobadilika, weka tarehe mpya. Faili la namna hiyo huchukuliwa kwanza kwa sababu ni rahisi kulimaliza. Ukilipa kitu chochote, kilipe kwa njia rasmi upate stakabadhi.

Kibali kikitoka, kisome. Kina tarehe ya kuisha. Katika zile kanuni za Marekani hufa kama kazi haijaanza ndani ya siku 180. Kwingine muda ni mrefu zaidi, lakini mwisho upo. Kina pia hatua za ukaguzi, na hapa ndipo wenye vibali halali wanapoharibikiwa. Mkaguzi anatakiwa kuona mitaro ya msingi kabla ya zege, nondo kabla ya zege, mabomba kabla ya kufukiwa na nyaya kabla ya lipu. Hana macho ya kuona ndani ya zege. Ukimwaga kabla hajafika, ana haki ya kukuambia utoboe, na atakuwa sahihi. Kwa hiyo mjulishe mapema, usimwite asubuhi lori la zege likiwa getini. Akifika, simama naye. Ataangalia kama nondo zimenyanyuliwa kwa vipande vya zege zisilale chini kwenye udongo, kwa sababu nondo iliyogusa udongo itashika kutu na kupasua msingi kutoka ndani. Hilo unaweza kuliangalia mwenyewe kabla hajaja.

Mwisho wa kazi omba cheti cha kukamilika au cha kuruhusu kukaa, jina lolote kinaloitwa kwenu. Wengi huhamia wakalisahau, mpaka siku benki au mnunuzi anapokiulizia.

"Mbele ya safari" ya fundi wako maana yake ni kuomba kibali cha kazi iliyokwisha kufanyika. Inawezekana sehemu nyingi, lakini kwa ada ya adhabu, na utalazimika kuthibitisha kisichoonekana: kubandua lipu, kufukua kona ya msingi, kupasua sakafu juu ya bomba. Ulichojenga kikiwa ndani ya umbali unaotakiwa kuachwa mpakani, hakuna ada inayokitengeneza, kinabomolewa. Bima nayo ikigundua paa lilishuka pale ukuta ulipoondolewa bila kibali, usitegemee hundi.

Tena, angalia ni nani anayeomba. Mwenye nyumba anaweza kuomba mwenyewe, au mkandarasi aliyesajiliwa akaomba kwa niaba yake. Mkandarasi akikusukuma uombe kwa jina lako huku kazi yote akiifanya yeye, muulize usajili wake uko wapi. Pengine hana, na kwa kusaini wewe umejibebesha wajibu wa mjenzi. Kwenye mkataba andika kwamba malipo ya kila hatua yanatoka baada ya mkaguzi kupitisha hatua hiyo. Utashangaa jinsi watakavyokumbuka kumwita.

Na michoro ya shemeji, hapana. Ilihesabiwa kwa udongo wa kiwanja chake, mteremko wake, mipaka yake na upande wake wa jua. Saini ya mhandisi iliyo juu yake ni ya nyumba ile. Kubadilisha jina na kuipeleka kwako ni kughushi, na mhandisi mwenyewe akijua atakuwa wa kwanza kulalamika. Itumie kumwonyesha msanifu unachokipenda na usichokipenda. Kisha muulize shemeji ni nani aliyemchorea. Kama michoro yake ilipitishwa na ofisi ile ile utakayoiendea wewe, mtu huyo tayari anajua wanachotaka waone, na huyo ndiye wa kumpigia simu baada ya kutoka kaunta.